Kuomba Lifti: Fadhili Isigeuke Deni

Kila shule zinapokaribia kufungwa, swali moja hurudi katika mazungumzo ya wazazi. Nauli haitoshi, mabasi yamejaa, na mtoto yuko mbali na nyumbani. Je, yafaa asimame kando ya barabara na kumwomba lifti mtu asiyemjua? Wenye magari nao wana swali lao, ingawa huliuliza kwa sauti ndogo: Je, nikimpita mtu aliyeninyoshea mkono barabarani, nimekosa?

Kwa kweli haya si maswali mawili. Ni swali moja, mmoja akiliuliza akiwa nje ya gari na mwingine akiwa ndani. Kila mmoja anamwogopa mwenzake, na kila mmoja angependa mwenzake awe mtu mwema.

Wako watu wajibuo upesi. Husema kwamba dunia imeharibika, na mwenye akili hapandi gari la mtu wala hapakii mtu. Wako wengine wasemao kwamba desturi yetu haimkatai msafiri, na kwamba kumwazia jirani mabaya ni ukosefu wa upendo. Majibu yote mawili ni mepesi mno, kwa maana yanatuepusha na kazi ya kufikiri. La kwanza lamwacha mgonjwa njiani usiku. La pili lamkabidhi binti wa watu kwa fisi.

Mimi mwandishi nimesafiri kwa lifti mara nyingi siku za masomo yangu, na leo naendesha gari mwenyewe. Basi naomba niwasimulie mambo matatu yaliyonipata barabarani. Si mambo makubwa, lakini kila moja limenifundisha sehemu ya jibu.

La kwanza lilitokea nilipokuwa mwanafunzi wa seminari kuu, nikienda likizo kusini. Basi letu liliharibika njiani, tukafika Makambako jua limekwisha kuzama. Siku zile mabasi ya abiria yalikuwa hayaruhusiwi kusafiri usiku. Katazo hilo lilidumu miaka karibu 30, likaja kuondolewa mwaka 2023. Lakini malori yaliendelea kutembea. Ndiyo sababu katika miaka ile, penye miji ya njia panda kama Makambako na Chalinze, ungeona jioni watu na mizigo yao wamejikusanya karibu na malori, wakingoja huruma ya madereva. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilimwendea mzee mmoja aliyepakia mbolea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Waenda wapi, kijana?”

“Songea, mzee. Lakini fedha niliyobaki nayo ni kidogo.”

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, kisha akasema: “Mpigie mama yako simu. Mtajie jina langu na namba ya gari langu, na umwambie twaondoka sasa hivi. Ukimaliza, panda hapa mbele.”

Nilistaajabu, lakini nilitii. Utingo wake alimulika kwa simu ili nisome namba vizuri, nami nikamsomea mama tarakimu moja moja. Tulifika Songea alfajiri. Nilipotoa zile fedha kidogo, mzee aliusukuma mkono wangu. “Nina kijana wa umri wako,” alisema, “naye yuko njiani.” Akatia gia, akaenda zake.

Wakati ule nilisifu huruma yake ya kunichukua bure. Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba huruma yake kubwa zaidi ilikuwa ile simu. Mzee yule aliijua hofu yangu kabla sijaisema. Alijua kwamba mtu akiingia gari la mgeni usiku, nguvu zote zaangukia upande mmoja: mwenye usukani ndiye ajuaye njia, ndiye awezaye kusimama au kutosimama. Kwa kunipa jina lake na namba yake, alinirudishia sehemu ya nguvu hizo. Alijifanya mtu anayejulikana.

Jambo la pili lilikuwa kinyume chake. Nilikuwa Msamvu, Morogoro, nikitafuta njia ya kwenda Iringa. Bwana mmoja wa makamo, mwenye gari dogo zuri, aliniita kwa upole, akasema naye aenda huko, nipande bure. Alininunulia hata soda. Tulipokwisha kuuacha mji nilisikia harufu ya pombe. Muda si muda alianza kuyapita malori kwenye kona, huku akicheka na kunigeukia kwa mazungumzo.

Wasafiri wa barabara ile wanajua kilicho mbele. Baada ya Doma, njia yaingia Hifadhi ya Mikumi na kukata pori la wanyama kwa kilomita zipatazo 50, mahali ambapo mtu hawezi kushuka na kutembea kwa miguu. Mbele zaidi, baada ya Ruaha Mbuyuni, iko milima ya Kitonga, na malori yapandayo na kushuka yamebanana kati ya mwamba na bonde. Niliyajua yote haya. Nami nilifanya nini? Nilinyamaza. Nilishikilia mkoba wangu, nikatabasamu kila aliponitazama.

Kwa nini nilinyamaza? Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kama ningekuwa ndani ya basi, nimelipa nauli yangu, ningepaza sauti pamoja na abiria wengine: “Dereva, punguza mwendo!” Tumezoea kusikia kelele hizo, na mara nyingi zimeokoa watu. Lakini hapa nilikuwa nimepewa. Nilikuwa nimekunywa soda yake. Niliona kwamba mtu aliyepewa bure hana haki ya kusema kitu. Heshima tuliyofundishwa nyumbani, ya kutomwaibisha mwenye kutukirimu, iligeuka kamba shingoni mwangu.

Tulipofika Doma nilipata moyo wa kusema: “Kaka, samahani, naomba nishuke hapa.” Alisimamisha gari kwa hasira. “Ndivyo mnavyofundishwa kushukuru?” aliniuliza. Nikabaki kando ya barabara na mkoba wangu, nikiona haya kama mtu aliyekamatwa akiiba. Sikupata kusikia habari ya ajali yoyote. Huenda bwana yule alifika kwake salama. Lakini hata kama alifika, mimi nilifanya vema kushuka, na kosa langu lilikuwa kuchelewa.

Wasomaji wapenzi, tunapozungumza juu ya hatari ya lifti, fikira zetu hukimbilia kwa wauaji na wanyang’anyi. Wapo, wala tusijidanganye. Lakini hatari iliyo karibu zaidi ni barabara yenyewe. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao milioni 1.19 walipoteza maisha kwa ajali za barabarani duniani kote. Dereva mlevi, dereva aliyekesha siku mbili, lori la mizigo lililopakia watu juu ya magunia: haya huua bila nia mbaya ya mtu yeyote. Na katika hatari hizi, kama katika zile za watu waovu, adui wa ndani ni yule yule: shukrani iliyofunga kinywa.

Si sisi tu tunaofungwa na haya hiyo. Katika nchi ya Australia, kati ya mwaka 1989 na 1992, wasafiri vijana saba waliokuwa wakitembea nchini waliuawa na kuachwa katika msitu wa Belanglo, kusini-magharibi ya mji wa Sydney. Mwuaji, Ivan Milat, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1996. Ushahidi mzito juu yake ulitoka kwa kijana Mwingereza ambaye Milat alimpa lifti mwezi Januari 1990. Kijana yule aliona mambo hayaendi sawa. Gari liliposimamishwa kando ya njia, naye akashuka. Lakini alipoambiwa arudi kuketi, alirudi. Ndipo alipoonyeshwa bastola. Akaruka nje, akakimbia kati ya magari huku risasi ikifyatuliwa nyuma yake.

Sasa angalieni mwisho wa habari hiyo. Ni nani aliyemwokoa? Ni mama mmoja aliyekuwa akipita na gari lake, na ndani yake wamo watoto. Mtu asiyemjua alimzuia barabarani, akiwa amepagawa kwa hofu, naye akampakia na kumpeleka polisi. Katika barabara moja, na katika saa moja, mgeni mmoja alitaka kumwua na mgeni mwingine akamponya. Kama mama yule angeshika kanuni ya kutomchukua mtu yeyote, ni nani ajuaye yangekuwaje? Na kama kijana yule angeshika kanuni ya kumwamini kila mtu hadi mwisho, asingetoka garini. Kwa hiyo kanuni tuitafutayo haikai katika kuamini wala katika kutoamini.

Iko wapi basi? Naona kwamba iko katika uhuru wa yule aliyepewa. Lifti ni njema pale ambapo mwenye kupewa anabaki huru: huru kujulikana alipo, huru kusema anachoona, huru kushuka anapotaka. Uhuru huo ukiondolewa, hata kwa maneno matamu, fadhili imekwisha kuwa deni, na deni hilo hajulikani atakayelidai wala atakalolidai.

Wenye kuhitaji kufundishwa jambo hili kwanza ni wazazi wa mabinti. Wengi wa watoto wetu wa sekondari hutembea kilomita nyingi kila siku kwenda shule za kata. Asubuhi ni giza, mvua inanyesha, na hapo anatokea kijana mwenye pikipiki au bwana mwenye gari. Siku ya kwanza ni lifti tu. Siku ya pili ni lifti na chipsi. Siku ya tatu yeye ndiye anayemngoja binti, tena mahali pasipo na watu, na kumwambia asimweleze mama. Kisha inakuja siku ya kulipwa. Binti asema moyoni: Nitamkatalia vipi, nami nimekula vyake? Ni kinywa kile kile kilichofungwa Msamvu, ila hapa kinachopotea ni ujana wa mtoto na masomo yake.

Sheria yetu haikulala. Tangu mwaka 2016, mtu anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari aweza kufungwa miaka 30. Lakini adhabu huja baada ya madhara. Kinachotangulia madhara ni kazi yetu. Mzazi amwambie binti yake wazi, tena mapema: “Mwanangu, huna deni kwa mtu yeyote aliyekupa lifti. Ulichopewa ni zawadi. Na kama hakikuwa zawadi, basi ulidanganywa, na aliyedanganywa hadaiwi.” Na amwambie pia kwamba akipata shida njiani aje aseme nyumbani, wala hatapigwa. Mtoto anayemwogopa mzazi wake kuliko amwogopavyo mwenye pikipiki ameachwa peke yake barabarani. Tena si haki kumwachia mtoto mzigo wote wa kujilinda. Mabweni yajengwe, watoto watembee kwa makundi, na wazazi wa mtaa mmoja wanaweza kupatana na dereva mmoja anayejulikana, wakamlipa wao wenyewe mbele ya watu.

Hilo neno “mbele ya watu” lina uzito. Ziko nchi zilizowahi kuifanya lifti kuwa jambo la taifa. Nchini Poland, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1990, msafiri aliweza kupata kijitabu rasmi chenye kuponi. Alimpa dereva kuponi kwa kadiri ya safari, na madereva waliozikusanya waliweza kushinda zawadi. Nchini Cuba, mafuta yalipoadimika baada ya mwaka 1991, serikali iliweka wasimamizi barabarani wa kuyasimamisha magari ya umma yenye nafasi na kuwapanga wasafiri waliokuwa wakingoja. Nchi hizo hazikuwaambia watu wake kwamba kila dereva ni mwema. Ziliitoa lifti gizani, zikaipa shahidi. Mzee wa Makambako, kwa simu moja tu, alifanya jambo la namna hiyo hiyo.

Nimebakiza jambo la tatu, nalo ni la aibu kwangu. Usiku mmoja, saa nne imepita, nilikuwa nikiendesha gari peke yangu kutoka Nzega kwenda Tabora. Taa zilimwonyesha mama mmoja amesimama kando ya njia, mtoto yuko mgongoni, naye anapunga mikono yote miwili. Nilipunguza mwendo. Mara nikakumbuka hadithi za wanyang’anyi wamtangulizao mwanamke barabarani, huku wenyewe wamejificha vichakani. Nikakanyaga mafuta, nikapita.

Wengi wataniambia kwamba sikukosa, kwa kuwa hadithi hizo si za uongo. Nami nakubali kwamba mtu hakuamriwa kujitupa mtegoni, hasa mwenye watoto garini au mwanamke aliye peke yake. Lakini sikilizeni yaliyofuata. Baada ya dakika chache nilipita katikati ya kijiji. Duka lilikuwa wazi, taa zinawaka, na watu wamekaa barazani wakizungumza. Nilikuwa na uwezo wa kusimama na kusema: “Jamani, huko nyuma yuko mama na mtoto, wanahitaji msaada, twendeni wawili watatu tukamtazame.” Maneno hayo yasingechukua dakika moja. Sikusimama. Nilijiambia kwamba mambo yale yamekwisha kupita. Wiki iliyofuata nilirudi nikauliza, na hakuna aliyejua habari za mama yule. Hata leo sijui kama mtoto yule alikuwa mgonjwa.

Kosa langu halikuwa hofu. Hofu yaweza kuwa ya haki. Kosa langu lilikuwa kuifanya hofu iwe ruhusa ya kutotenda lolote. Nilijiuliza swali moja tu, “Je, nimchukue au nisimchukue?”, na nilipolijibu nikaona nimemaliza. Kumbe kati ya kumpakia mtu na kumtupa kuna mambo mengi: kupeleka habari kijijini, kupiga simu polisi, kusimama mbele kidogo penye mwanga, kumngoja mwenzako mwenye gari mkarudi pamoja. Asiyeweza kutoa kiti chake aweza kutoa sauti yake.

Nikitafakari jambo hilo hukumbuka ule mfano ambao sote tuliufundishwa utotoni, wa Msamaria katika njia ya kushuka Yeriko. Njia ile ilikuwa na wanyang’anyi kweli. Aliyelala pale ni ushahidi. Twasifu huruma ya Msamaria, na ni haki. Lakini tazameni pia namna alivyoitenda. Alimpandisha mgeni juu ya mnyama wake mwenyewe, yaani alimpa lifti. Hakumpeleka mafichoni, bali nyumba ya wageni, mahali penye watu na mwenyeji wa kujibu. Alilipa gharama, akaahidi kulipa itakayozidi, kisha akaendelea na safari yake. Hatusikii kwamba alirudi kwa mgonjwa kudai chochote.

Basi, kwa maneno machache, tuwajibu wale waliotuuliza. Wewe unayeomba lifti: mpe mtu wa nyumbani jina na namba ya gari kabla ya kupanda, na dereva akichukia ufanyapo hivyo, amekwisha kukujibu, usipande. Usipande juu ya mizigo. Usikubali kuwa peke yako na mtu anayenuka pombe. Na moyo ukikuambia ushuke, shuka mapema, penye watu, hata kama utaitwa huna adabu. Wewe unayetoa lifti: jitambulishe kabla hujaulizwa. Kama unataka mchango wa mafuta, useme kabla ya safari; kama hutaki, useme pia. Mshushe mtu penye mwanga. Na kama huwezi kumchukua, usimpite kana kwamba hukumwona.

Wazee wetu walisema: Tenda wema, wende zako. Sote hupenda kurudia sehemu ya kwanza ya methali hiyo. Lakini ulinzi wa msafiri umo katika sehemu ya pili. Mzee wa lori la mbolea aliufunga mlango wa gari lake pale Songea, wala sijamwona tena. Fedha zangu zilibaki mfukoni, mama alikuwa anajua nilipo, na mimi nilitembea kwenda nyumbani bila deni kwa mtu yeyote.